Mlimani au Mkwawa? Mjadala wa Binti Aliyeitwa Kuwili

BINTI: Nimedahiliwa na vyuo viwili kwa pamoja: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kule Iringa. Kozi ni ile ile, sanaa pamoja na elimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Na kwa kuwa taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu hazimruhusu mtu mmoja kushika nafasi mbili, sharti nithibitishe kimoja na kukiacha cha pili kwa mwingine mwenye haja nacho. Siulizi kipi ni bora. Nauliza kipi kinanifaa mimi, niliyetoka katika shule ya wasichana ambayo mkuu wake alitujua sote kwa majina yetu na ya baba zetu, wala sijapata kuishi mahali penye halaiki ya wanafunzi inayopita idadi ya watu wa mji wetu.

MJOMBA: Mpwa wangu, mimi sioni mushkeli hata chembe. Mlimani ndipo chimbuko la vyuo vikuu vya nchi hii, na kauli hiyo siitoi kwa mapenzi tu ya mtu aliyesoma pale mwanzoni mwa miaka ya 1980, bali kwa tarehe zilizo dhahiri. Kilianza mwaka 1961 kwa akali ya wanafunzi wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka uliofuata kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikajitegemea. Chuo cha kilimo cha Morogoro, ambacho leo ni Sokoine, kilitoka ubavuni mwake mwaka 1984. Muhimbili na Ardhi zikafuata mwaka 2007. Na hiyo Mkwawa unayoitiwa, pamoja na mwenziwe wa Chang'ombe, ni vyuo vyake vishiriki tangu mwaka 2005. Mtu aliyeitwa na shina na tawi siku moja, ataliachaje shina?

MHADHIRI: Mzee wangu, hoja yako ni ya nasaba, nami naiheshimu nasaba, lakini imejijibu pasipo wewe kukusudia. Maadamu Mkwawa ni chuo kishiriki, shahada atakayotunukiwa binti yetu akihitimu Iringa ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwajiri atakayekishika cheti hicho hataona ndani yake mlima wala bonde. Basi fahari ya jina tuiweke kando, tubaki na swali la mahali: mtu aliyetoka jana kidato cha sita, naye anakwenda kujifunza kazi ya ualimu, aanzie katikati ya halaiki au miongoni mwa watu wachache? Mimi nimefundisha miaka mingi katika chuo kidogo, na kabla ya hapo nilisoma katika kampasi kubwa ambayo hakuna haja ya kuitaja. Katika ukumbi uliojaa mamia ya vijana, mwalimu husoma mhadhara wake, slaidi zikapita, na yule aliyeketi safu ya mwisho kwa kuwa hakuwahi kuja kushika kiti mapema, maandishi hayaoni na swali la mwenzake halisikii. Muhula ukiisha, mtihani husahihishwa na mtu asiyemjua, na matokeo hutoka kwa namba ya usajili. Hapo hakuna aliyemdhulumu, na pia hakuna aliyemjua; na kijana aliyeanza kuzama mwezi wa Novemba hugunduliwa mwezi wa Machi, pale jina lake linapoonekana katika orodha ya wenye sapu, yaani mitihani ya marudio, au baya zaidi, ya waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli.

MJOMBA: Kijana hakwenda chuo kikuu ili ajulikane, amekwenda ili ajue. Na kama shabaha yake ni Kiswahili, basi hebu na atazame ni wapi Kiswahili kimefanyiwa kazi. Ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili, baada ya kuhamahama miaka mingi, ilikuja kutua katika chuo hicho cha Dar es Salaam mwaka 1964. Ikawa TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na leo ndiyo TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Ebrahim Hussein alitoka pale, na Kinjeketile ikachapishwa mwaka 1969; Kezilahabi alikuwa ndiyo kwanza ahitimu pale, na mwaka 1971 Rosa Mistika ikatoka. Walter Rodney alikuwa akifundisha historia pale pale alipokitoa, mwaka 1972, kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Issa Shivji aliandika pale makala ya mapambano ya kitabaka, nayo ikatoka mwaka 1970 katika Cheche, jarida la wanafunzi, lililokuja kupigwa marufuku mwaka huo huo. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi pale. Nitajie chuo kidogo, Mwalimu, chenye nusu ya orodha hiyo.

MHADHIRI: Chuo kidogo chenye orodha hiyo nzima ni hicho hicho ulichokitaja, kwa kuwa wakati huo kilikuwa kidogo. Miaka hiyo unayoihesabu kwa fahari, Mlimani haikuwa na wanafunzi hata 3,000. Rodney aliwajua wanafunzi wake na wao wakamjua. Wakaketi naye usiku wakibishana. Na Cheche iliandikwa na kundi ambalo lingeenea katika chumba kimoja. Adhama ya kampasi kubwa unayoisifu ilijengwa na kampasi ndogo, nasi leo tunawapeleka watoto wetu kwenye ile kubwa tukidhani kwamba sifa ile imo katika majengo.

MJOMBA: Hapo umenipiga mahali penye mfupa, sikatai. Lakini uchache wa miaka ile haukuwa uchache wa aina unaoutetea wewe. Walikuwa wachache kwa hesabu, ilhali walitoka Uganda, Kenya, Malawi, Sudani, na nchi zilizokuwa bado zikipigania uhuru. Na jijini mlikuwa na ofisi za wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, hata mwanafunzi aliyepanda basi kwenda mjini aliweza kukutana na mtu ambaye siku moja angetawala nchi. Upana ndio uliowafunza. Leo, kwa kuwa kila nchi ina vyuo vyake, upana huo haupatikani tena kwa uchache. Hupatikana pale penye wanasheria, wahandisi, wanajiolojia, wanauchumi, watu wa sanaa za maonyesho na watu wa lugha ya Kichina, wote wakigombea vimbweta vile vile chini ya miti ile ile. Mwalimu wa historia aliyekaa miaka mitatu na walimu watarajiwa peke yao, amekaa miaka mitatu na watu wa mfano wake. Tena pana maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa China, iliyojengwa kubeba vitabu 800,000. Iringa wana nini cha kuikabili?

MHADHIRI: Wana Isimila. Mwanafunzi wa Historia akitoka Mkwawa asubuhi, anafika kwenye korongo lililojaa zana za mawe za binadamu wa kale, anaziona zikiwa pale pale mvua ilipozifukua, na anarudi kula chakula cha mchana. Anakwenda Kalenga, kwenye ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na kuliona fuvu lake lililopelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954. Aidha maktaba ni ya anayepata kiti. Lakini sitaki tushindane kwa vivutio kama mawakala wa utalii, maana hoja yangu ni ya kazi yenyewe. Ualimu hufundishwa kwa kutazamwa. Mwanafunzi husimama mbele ya wenzake dakika chache, akafundisha mada, mwalimu wake akiwa nyuma na kalamu, kisha akaambiwa: umeupa mgongo ubao, umeuliza swali ukalijibu mwenyewe, umemwita mvulana kila mara na wasichana umewasahau. Zoezi hilo likifanywa katika kundi la watu wachache, kila mmoja husimama mara nyingi. Likifanywa katika kundi kubwa, husimama mara moja na kupewa alama. Mhandisi huenda akajifunza hesabu zake katika umati, wala daraja lisianguke. Mwalimu asiyepata kutazamwa hutoka na nadharia zote za Piaget, na siku ya kwanza darasani akatetemeka.

MJOMBA: Na huyo uliyemtazama kwa makini katika kundi dogo, Serikali itampangia shule ya kata yenye wanafunzi 90 katika chumba kimoja, tena wawili dawati moja. Atakuwa amejifunza wapi kuhimili umati?

MHADHIRI: Kuketi ndani ya umati hakumfundishi mtu kuuongoza.

MAMA: Kaka, na wewe Mwalimu, mimi nimewasikiliza kwa taadhima, lakini mnazungumza kana kwamba mtoto huyu hali wala halali. Atalala wapi? Nimeambiwa kwamba zile hosteli zilizofunguliwa Mlimani mwaka 2017 zina nafasi 3,840, na mtu akisikia hesabu hiyo atadhani ni nyingi, mpaka akumbuke wanafunzi wenyewe ni wangapi. Aliyekosa nafasi hupanga chumba Changanyikeni, Sinza au Ubungo, kwa kodi ya miezi kadhaa mkononi, au hubebana na mwenzake, watu wawili kitanda kimoja, wakijificha. Na bumu, yaani mkopo wa kujikimu, likichelewa, Dar es Salaam haimngoji mtu. Nauli ni kila siku, maji ya kunywa ni fedha, na hata njaa ya pale ni ya ghali. Nami ninayempa masurufu ni mtu mmoja. Iringa sijafika, ila nasikia mchicha na viazi huko ni kwa bei ambayo mtu wa Tanga kwetu angeiona sadaka.

MHADHIRI: Umesema kweli, Bibi, ingawa insafu yanitaka niongeze jambo. Iringa kuna baridi ambayo binti wa pwani haijui, na mwezi wa Juni na Julai atahitaji blanketi zito na sweta, navyo si vya bure. Kutoka Tanga mpaka Dar es Salaam ni takriban kilomita 350. Iringa ni mbali zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. Likizo fupi hatakuja nyumbani.

MAMA: Na migomo? Kampasi kubwa ndizo zenye migomo. Sitaki kusikia redioni kwamba chuo kimefungwa na watoto wamepewa saa chache za kuondoka.

MHADHIRI: Katika hilo nitamtetea kaka yako dhidi ya upande wangu mwenyewe. Mwezi Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kuupinga utaratibu wa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima na kukatwa mishahara, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Kampasi wakati huo ilikuwa ndogo mno kuliko Mkwawa ya leo. Wanafunzi hugoma wanapoona wamedhulumiwa au hawasikilizwi, na jambo hilo laweza kutokea popote. Kama mtoto wako ataingia matatani, ukubwa wa mahali hautakuwa sababu.

MJOMBA: Ahsante kwa insafu hiyo. Sasa nami niseme kuhusu masurufu, maana dada yangu ameligusa jambo ambalo wanaume tunalipita haraka. Ni kweli Dar es Salaam ni ghali. Lakini ni jiji ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kupata kusahihisha miswada, kutafsiri, kufundisha wageni lugha, kusoma habari redioni. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liko pale, wachapishaji wako pale, magazeti yako pale. Nimeona vijana walioingia Mlimani na begi moja wakatoka na kazi mkononi, kwa kuwa miaka mitatu yote walikuwa wakipita mbele ya milango ya waajiri wao.

MHADHIRI: Umewaona waliofaulu kupita mlangoni. Je, wale wasiobisha? Huko ndiko unakoniuma moyo mjadala huu, mzee wangu, na niruhusu niseme wazi. Kampasi kubwa humpa sana yule ajuaye kuomba, na yule asiyejua humwacha alivyo. Kijana aliyelelewa katika nyumba yenye vitabu, aliyezoea kubishana na baba yake mezani, huingia Mlimani kama aingiaye sokoni na fedha. Mtoto wa mvuvi au wa mkulima, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mtu mwenye adabu husubiri aitwe, husubiri; na hakuna anayemwita. Nimewajua wengi wa namna hiyo, wenye akili kuliko mimi, waliomaliza chuo pasipo kuzungumza na profesa hata mara moja. Katika chuo kidogo mtu wa namna hiyo hana mahali pa kujificha: asipokuja semina, kiti chake huonekana kitupu, na mimi humuuliza mwenzake, yuko wapi fulani, anaumwa?

MJOMBA: Na akitoka hapo pa kuulizwa hali, dunia haitamuuliza. Nawe unataka kumwongezea miaka mitatu ya kubembelezwa!

MHADHIRI: Kumjua mtu si kumbembeleza. Mtazame Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alipofika Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuanzia Oxford wala Cambridge. Alisoma Christ Church College ya Canterbury, chuo kidogo cha ualimu kilichokuwa kimeasisiwa mwaka 1962 tu. Je, dunia ilimshinda?

MJOMBA: Haikumshinda, ila hukuimaliza habari yake. Uzamivu wake aliupata Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akafundisha huko mpaka kustaafu. Alianza padogo akaishia papana. Nami naona alikohamia kuna ushahidi zaidi kuliko alikotoka. Na kama tunatafuta ushahidi wa kale, twende Cairo. Al-Azhar, iliyoasisiwa katika karne ya 10, ni miongoni mwa vyuo vikubwa duniani, na watu wa pwani yetu wamekuwa wakiiendea kwa vizazi. Wanazuoni wa zamani walioisoma hawakusema kwamba walipotea mle, kwa sababu kila sheikh alikuwa na nguzo yake msikitini, akaketi chini yake, na wanafunzi wake wakamzunguka kwa halka. Ukubwa ulikuwa wa nyumba. Darsa lilikuwa la watu wachache.

MHADHIRI: Mzee, hapo umenipa nilichokuwa nakitafuta. Nionyeshe nguzo hizo katika kampasi zetu kubwa, nami nitanyamaza. Aliyeingia msikitini mle alimwona sheikh kwa macho yake, akachagua nguzo, akaketi. Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapewa ratiba, namba ya ukumbi, na neno la siri la mfumo wa usajili.

BINTI: Mniwie radhi nyote wawili, kwa kuwa sasa nitasema jambo ambalo hamkuniuliza. Mmezungumza juu ya mtoto wa mvuvi anayesubiri kuitwa, na mimi ndiye. Katika miaka sita ya sekondari sikunyosha mkono darasani isipokuwa nimeitwa kwa jina. Mwalimu atasema, basi Mkwawa ndiko kwako. Mjomba atasema, basi Mlimani ndiyo dawa yako. Lakini hakuna katika nyinyi aliyeniuliza nataka kufanya nini.

MJOMBA: Si umesema ualimu?

BINTI: Ualimu, naam, na Mungu akipenda nitaufanya maisha yangu yote. Ila bibi yangu anasema Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili ya pwani yetu, na watu wanaokisema kama yeye wanaondoka mmoja mmoja. Sisi wajukuu tunakielewa, lakini tunamjibu kwa Kiswahili cha shule. Kitabu kinachokihusu nilichopata kukisikia ni kile cha Whiteley, kilichotolewa mwaka 1956 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mjomba ametaja kwamba Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa TUKI, kisha TATAKI, na mimi nilipolisikia hilo nilijua kwamba wenye kazi niitakayo wana anwani. Nataka kumrekodi bibi angali hai, na nataka mtu anayejua kazi ya kamusi anionyeshe namna ya kuandika nilichorekodi ili kesho kisionekane takataka. Kama mtu huyo yuko Iringa, nitakwenda Iringa na blanketi langu.

MHADHIRI: Wako Iringa watu wanaojua lahaja, usidhani hawapo, wala isimu si mali ya jiji. Ila taasisi nzima ya kazi hiyo, yenye watu wa kamusi, wa istilahi, wa lahaja na wa fasihi simulizi chini ya paa moja, iko Mlimani. Siwezi kukudanganya kwa ajili ya kushinda mjadala.

MJOMBA: Alhamdulillahi.

MHADHIRI: Usifurahi upesi, mzee wangu. Watu wale wana wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaowangoja mlangoni, na mwaka wa kwanza wa shahada ya awali ni wa mwisho katika foleni. Binti, nakuuliza kwa uzito: utakapokuwa umetoka ukumbini, umechoka, nauli ya kurudi Changanyikeni inakupigia kelele, na hakuna hata mmoja pale anayekujua, je, utapanda ngazi ukabishe mlango wa mtu mwenye cheo, umwambie kwamba bibi yako anasema Kimtang'ata? Wewe ambaye hukunyosha mkono miaka sita?

BINTI: Darasani sikunyosha mkono kwa sababu maswali yalikuwa ya mwalimu. Hili ni langu.

MHADHIRI: Jibu hilo ni zuri mdomoni. Nataka liwe na miguu. Kabla hujathibitisha chochote, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kila chuo, usimtafute wa mwaka wa tatu ambaye ameshazoea na kusahau, na usiridhike na kijitabu cha chuo chenye picha. Muulize darasa lake kubwa lina watu wangapi, na dogo kabisa lina watu wangapi. Muulize kama semina zipo kweli, au zipo kwenye ratiba tu. Muulize kazi aliyokabidhi ilirudi baada ya muda gani, na kama ilirudi na maneno au na alama peke yake. Muulize alilala wapi mwezi wa kwanza, na usiku hurudi kwa njia gani. Na la mwisho, akutajie mwalimu mmoja anayemjua yeye kwa jina. Akikosa, muulize kama alipata kumtafuta.

BINTI: Nimekwisha kuwauliza, Mwalimu, kabla ya kuja hapa. Wa Mkwawa alinitajia walimu watatu bila kufikiri. Wa Mlimani alinyamaza kwanza, kisha akanitajia mmoja, msaidizi wa mhadhiri, ambaye alimfuata mwenyewe baada ya semina, naye akampa kitabu na kumkaribisha ofisini kila Jumatano. Kuhusu malazi, aliniambia yale yale aliyoyasema mama, na kwamba alibebana na mwenzake miezi miwili. Hakunificha kitu, wala hakuniambia niende au nisiende.

MJOMBA: Basi ukapime mwenyewe, mwanangu. Nimesema yangu.

BINTI: Nimepima. Nathibitisha Mlimani. Sithibitishi kwa sababu ni pakubwa, Mjomba, maana ukubwa wake bado unanitisha, na hoja ya Mwalimu juu ya zoezi la kufundisha sijaipatia jibu. Huenda nitatoka pale nikiwa mwalimu dhaifu kuliko ambavyo ningetoka Iringa, na hasara hiyo naiona waziwazi. Nakwenda kwa ajili ya taasisi moja iliyomo ndani yake na mlango mmoja ambao nitaubisha wiki ya kwanza, pamoja na sauti ya bibi niliyokwisha kuirekodi. Nikifukuzwa mlangoni, nitarudi wiki ya pili.

MHADHIRI: Bado naona umechagua njia ngumu pasipo lazima, na kama ungekuwa binti yangu ningekusihi usiku kucha. Maadamu umeamua, nitakuandikia barua ya kukutambulisha. Na kila utakapopata nafasi ya kusimama kufundisha, simama, hata kama zamu si yako. Wakikukatalia, tafuta shule iliyo karibu, uombe kufundisha somo moja kwa wiki bila malipo, na umwombe mwalimu wa darasa aketi nyuma na kalamu.

MJOMBA: Na mimi nitazungumza na jamaa zangu wa Sinza kuhusu chumba. Asibebane.

MAMA: Nimeridhika, walakini sijatulia. Mwanangu amejipatia barua, chumba na mlango wa kubisha kwa sababu ana mjomba aliyesoma na jirani anayefundisha. Mwenzake wa kijiji cha pili, aliyepata alama zile zile, ataingia Mlimani au Chuo Kikuu cha Dodoma mwezi huo huo akiwa hana hata kimoja. Nyinyi mnaoziendesha kampasi hizi kubwa, mnaopokea watoto wetu kwa maelfu, nawaombeni kwa heshima: kila anayeingia mwaka wa kwanza apewe mwalimu mmoja mwenye dhamana naye, anayelijua jina lake na mahali anapolala, na wawe wameonana uso kwa uso kabla wiki ya pili ya muhula haijaisha.